Jibu la Mwalimu Patroba Kuhusu Kipande cha Shaba

Familia ya mzee Wanzala wa Navakholo, kwa kinywa cha Chrispinus, mdogo wa marehemu, inawaomba nyote mtulie, hasa walioketi kwenye viti vya wageni, kwa maana historia hii inawahusu wao pia.

Mwalimu Patroba Wanzala alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, hapa hapa Navakholo, kifungua mimba wa mzee Wanzala na mama Navalayo, akasoma kwa bidii mpaka akahitimu Fizikia mwaka 1980, akaanza kufundisha Sigalagala, na tarehe 17 Agosti 1985 akafunga ndoa kanisani na Kageha, Mungu akawajalia mabinti wawili, Ashley na Beverly.

Mwaka 1991 alikwenda Ulaya kusomea udaktari wa falsafa, akaishi chumba kimoja na Andati, kijana wa Bukura aliyesoma naye katika maabara ileile na aliyemwita ndugu. Kazi ya marehemu ilikuwa kuchunguza uso wa shaba, akiumulika kwa eksirei na kuvizia elektroni mbili zinazoruka kutoka atomu moja, kwa sababu moja ikija peke yake haisemi mengi, lakini mbili zikifika pamoja hueleza zimetoka wapi. Zilikuwa adimu, naye alizingoja kwa subira ambayo Kageha anasema hakuwahi kuionyesha uji ulipochelewa.

Juni 1994 mama Navalayo alifariki, marehemu akaja kumzika, akiuacha mtambo kwenye jaribio la kwanza, na kwa kuwa ndiye mwana mkubwa hangeweza kuondoka kabla ya nywele kunyolewa na mambo ya boma kusemwa. Aliporudi alikuta Andati amekwisha kuyasoma matokeo yale mkutanoni kama yake, na wakubwa wa chuo wakamwuliza mwenye kazi kwa nini anamwiga mwenzake. Alirejea Sigalagala mikono mitupu, Andati akawa Daktari, na familia hii haijasamehe, wala haijifanyi imesamehe.

Mwaka 1996 marehemu alianza kuugua ini, akalazwa Kakamega mara kadhaa. Oktoba mwaka huu wa 1997 Daktari Andati alifika kitandani pake, akasihi aelezwe kasoro iko wapi, maana wataalamu wengine wamerudia jaribio lile wasione alichokitangaza, na kiti chake kinatikisika. Marehemu alimwambia aje mazishini, atajibiwa, kisha akageukia ukutani akaomba uji. Alitutoka tarehe 6 Novemba 1997, alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na Kageha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchota maji tangu msiba ulipotokea, na walimu wa Sigalagala waliosimama naye.

Inamshukuru pia Daktari Andati kwa kufika, na mbele ya wakubwa wake aliokuja nao inamfikishia jibu kama lilivyoachwa kwa Kageha: kipande kile cha shaba kilikuwa bado hakijasafishwa, marehemu alikusudia kukisafisha akitoka kuzika mama, na elektroni alizojivunia Daktari zilitoka kwenye uchafu. Marehemu alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akanyamaza, akamwacha apande juu.

Udongo wa kaburini Daktari asitupe, watoto watatosha.

Pumzika kwa amani, Patroba, mgeni wako amejibiwa.