Bwana Mfereji, Mtunza Virusi vya Tumboni

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Mfereji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mshona viatu, akamaliza sekondari mwaka 1981, na tarehe 3 Januari 1984 akaajiriwa maabara ya hospitali, ambako kwa miaka thelathini na mitano alichota maji taka kwa ndoo kwenye mfereji wa nyuma ya wodi, akayachuja, akitafuta virusi vinavyoua bakteria.

Watu walimcheka, na mdogo wake anayesoma haya alicheka kuliko wote, lakini marehemu hakuchoka kueleza kwamba matumbo yetu yamejaa bakteria, wengi wao wa faida, na kwamba virusi hivyo, kila kimoja kikiwinda aina yake tu, ndivyo vinavyozuia aina moja isijitanue ikawamaliza wenzake.

Tarehe 9 Juni 1990 alimuoa muuguzi wa wodi hiyo hiyo, mwanamke pekee, walisema mashemeji, aliyeweza kuistahimili ile harufu, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 20 Mei 2019, mwezi mmoja kabla hajastaafu, mkuu mpya wa maabara aliamuru friji ambamo marehemu alihifadhi virusi vyake iondolewe kupisha vifaa vipya, marehemu akaomba wiki moja tu avihamishe vichupa vyake mia nne na kumi na viwili, akapewa mpaka saa nane mchana, na saa nane vikamwagwa kwenye sinki.

Februari 2024 alijikata mguu kwa jembe, akapewa dawa za kuua bakteria, zikaponya kidonda lakini zikafagia na wale wa faida tumboni, akabaki bakteria mmoja sugu, akatamalaki, akamwangusha kitandani. Marehemu alimtaja bakteria huyo kabla majibu ya vipimo hayajatoka, akasema kirusi kinachomwinda alikuwa nacho, akataja mpaka rafu ya friji kilipokuwa. Hakuna anayeapa kwamba kingemponya, ila kinachotuuma, na tuseme tu, ni kwamba hakikuwepo cha kujaribu. Binti yake mkubwa alikwenda na ndoo nyuma ya wodi kukitafuta upya, akakuta mfereji umefunikwa zege. Marehemu alifariki tarehe 2 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliotupikia na kutufulia, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkuu wa maabara, ambaye juzi alituma ujumbe kuomba madaftari ya marehemu kwa ajili ya utafiti wake mpya wa virusi hivyo hivyo. Mjane ameyaleta, yote kumi na tisa, yamo kwenye mfuko miguuni mwake, naye anamwomba mkuu aje ayachukue hapa, mbele ya jeneza, kabla halijafungwa.

Pumzika kwa amani, kaka, kubishana na wakubwa sasa tuachie sisi.