Shangazi Alidai, Diwani Alieleza

Kwenye basi, mbele yangu, alikaa mama mmoja na mtoto wa kaka yake, kijana mwandishi wa habari. Mama alikuwa na gazeti magotini.

“Hapa umeandika diwani alieleza kuwa maji yapo. Mimi shangazi yako nilidai bomba limekauka. Majirani wananiona mzushi.”

“Shangazi, bomba lenyewe sikuliona.”

“Na maji ya diwani uliyanywa?”

Kijana akakohoa. Nami nikakohoa, kuficha kicheko.

“Nilijihadhari, wasiseme nakupendelea.”

“Nani kakuomba upendeleo? Niandike kama diwani tu.”

Basi liliposimama, mama alimfunga kijana kifungo cha shati kilichoachia.

“Shuka, baba. Ukalifungue hilo bomba mwenyewe, kisha tuone utaandika nani anadai.”