Alama Tisini na Sita za Kaka Yetu Saa Mbili

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi, fundi cherehani, ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, ila mniwie radhi mapema, kwa kuwa karatasi hii aliipitia mwenyewe wodini, akafuta sifa nyingi tulizomwandikia, akaongeza jambo moja ambalo sisi tungelipita kimya.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mwokaji mikate na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha akasomea usalama wa chakula na kuhitimu tarehe 30 Novemba 1982.

Aliajiriwa idara ya ukaguzi wa chakula tarehe 7 Februari 1983, na mwaka 1989 alikabidhiwa kazi ya kuandika mwongozo wa kukagua maghala ya nafaka, akaandika kwamba kipimajoto kisomwe kila siku saa mbili asubuhi, na sampuli ya mahindi ipimwe sumukuvu, ile sumu ya ukungu isiyoonekana wala kunusika, mara moja tu baada ya mavuno, akausimamia kwa ukali hadi wenzake wakambandika jina la Saa Mbili, jina ambalo hata mama alilizoea.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na wifi yetu, karani wa posta, ambaye hadi leo anatutania kwamba bwana harusi alifika mlango wa ofisi ya ndoa ukiwa bado na kufuli, wakajaliwa watoto watatu, fundi umeme, muuguzi, na kitindamimba aliye chuoni.

Sasa nasoma alichoongeza yeye, nacho nakisoma kama kilivyo.

Tarehe 10 Julai 2018, akiwa mkuu wa tathmini, alikagua ghala linalolisha shule ya msingi iliyo jirani nalo, akakuta daftari la joto limejazwa bila kuruka siku, sampuli imepimwa kwa tarehe yake, akaliwekea ghala lile alama tisini na sita kwa mia, na tarehe 21 Agosti watoto kumi na mmoja waliokunywa uji wa mahindi yale waliugua, wawili wakafariki, mmoja wao binti wa mtunza ghala.

Alirudi pale siku ya tatu baadaye, saa tisa alasiri, saa ambayo kwa miaka yote hakuwahi kuingia ghalani, akasoma kipimajoto kilekile ambacho asubuhi kiliandikiwa daftarini nyuzi ishirini na nne, akakuta thelathini na tisa, akapenyeza mkono kwenye magunia ya nyuma, ya mahindi yaliyonyeshewa yangali shambani, maana mvua siku hizi haingoji mavuno yaishe, akatoa mkono una ukungu, akakaa chini sakafuni, na mtunza ghala akamwambia kwamba yeye alijaza kila walichomwagiza.

Kaka anasema hakuna aliyedanganya, ni kwamba fomu ya mwongozo wake ilipima utii wa watu kwa hali ya hewa ya mwaka 1989, wakati joto na mvua vilishahama, na anasema kosa hilo ni lake, asitafutiwe wa kumsaidia kulibeba.

Aliandika kurasa nne akiomba joto lisomwe pia alasiri, sampuli zirudiwe kila mvua inapokuta mahindi shambani, na tathmini iulize kwanza mwaka huo ulikuwaje, akapigwa danadana ya njoo wiki ijayo hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021, na baada ya hapo aliendelea kwenda kila mwezi, akikaa kwenye benchi la wageni katika ofisi aliyoifanyia kazi miaka thelathini na minane, jambo lililotuuma sana sisi nduguze.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa mara tano, na Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, saa kumi jioni, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopokezana kumpeleka kliniki, na kwa namna ya pekee mtunza ghala, ambaye hajawahi kutuambia kama amemsamehe wala hatumuulizi, ila alikuja kumnyoa ndevu kila Jumapili.

Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake kwa jeneza na kwa magari, na tumesikia kwamba fomu mpya aliyoiomba iko mezani, imebaki sahihi tu, nasi tunawaomba kwa heshima zote mkumbuke kuwa mahindi ya msimu huu yameanza kuingia ghalani, na juzi na jana imenyesha.

Kaka, tulitamani tukuzike tukikuambia imesainiwa, lakini bado, basi pumzika hivyohivyo, kwa amani yoyote utakayoipata.