Mama Maganda na Shimo la Gesi

Wasikilizaji wapendwa, leo tuna msiba. Tunamkumbuka mama mmoja wa kiwanda cha kusindika matunda. Wenzake walimwita Mama Maganda.

Kazi yake ilikuwa maganda. Aliyakusanya, akayatia kwenye shimo la gesi, na gesi ikaendesha mitambo. Tope lililobaki alilipeleka mashambani kuwa mbolea. Matunda yakarudi kiwandani, maganda yakarudi kwake.

Alikuwa na sharti moja. Shimo likiziba, mfuniko unafunguliwa leo, mtu anashuka kesho. Narudia: unafunguliwa leo, mtu anashuka kesho, hewa mbaya ikishatoka. Siku moja msimamizi alimharakisha. Mama Maganda akajikalia zake kando ya shimo, akakunja mikono. "Kama una haraka, bosi, tangulia wewe." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Jumatano ile shimo liliziba. Kesho yake wanunuzi wangekuja kukagua kiwanda kisichochafua mazingira. Mama Maganda alikuwa shambani akishusha mbolea. Msimamizi akamgeukia wifi yake Mama Maganda, dada wa mume wa mama huyo, ambaye hakuwa na hata mwezi kazini. "Shuka mara moja tu, uzibue." Mtoto wa watu akashuka.

Mama Maganda aliporudi alimkuta wifi yake amelala chini shimoni, hatikisiki. Sharti alilijua kuliko mtu yeyote. Akashuka hivyo hivyo. Akamfunga kamba kwapani, mafundo mawili, akapiga kelele, "Vuteni!" Wakavuta. Wifi akatoka. Kamba ikateremshwa tena, na safari hii hakuna aliyeishika.

Wifi amepona. "Namkwepa kaka yangu," aliniambia. "Nitamtazamaje?" Kaka mwenyewe alimfuata jikoni, wakalia pamoja. Lakini juzi binti wa marehemu, wa miaka sita, alimwuliza, "Shangazi, mama alikuambia nini mle ndani?" Shangazi hakusikia neno mle shimoni. Alikuwa amezimia.

Wanunuzi walikuja baada ya mazishi. Waliuliza habari za maganda, za gesi, za mbolea. Nani hushuka shimoni, hawakuuliza. Sisi tulao matunda hayo, tumewahi kuuliza?

Kwa mume na watoto, poleni sana. Inauma, jamani. Nawe wifi, najua unatusikia. Mtoto akiuliza tena, mwambie mama yake alisema, "Vuteni." Hukumsikia wewe, lakini kiwanda kizima kilimsikia.