Mayai Yaliyotembea Forodhani

KARANI: Haloo? Haloo! Ni dada wa mayai?

MFUGAJI: Ndiye. Nani mwenzangu?

KARANI: Karani wa forodha, dada. Habari za tangu jana?

MFUGAJI: Nzuri, kaka! Mzigo wangu umepita?

KARANI: Mzigo… Hivi kwenye fomu tuliandika nini vile?

MFUGAJI: Mayai ya kutotolesha, mia na ishirini. Si ulinijazia mwenyewe?

KARANI: Basi hayapo tena mia na ishirini.

MFUGAJI: Wameyavunja! Nilijua tu, wale wapakuzi—

KARANI: Tulia. Yamevunjika, ila kwa ndani. Sikiliza hapa. [pii, pii, pii]

MFUGAJI: Mungu wangu! Vifaranga?

KARANI: Kumi na mmoja. Kumi na— huyu naye katoa mdomo.

MFUGAJI: Mbona ilikuwa bado siku mbili? Na ghala lenu lile lilivyo na baridi!

KARANI: [anakohoa] Hayakulala ghalani.

MFUGAJI: Yalilala wapi?

KARANI: Chini ya meza yangu. Na taa ya mezani.

MFUGAJI: Nani alikutuma?

KARANI: Hakuna. Jana ulivyokuwa unayaaga, trei moja moja… basi tu.

MFUGAJI: Ehe. Sasa?

KARANI: Sasa fomu ya mayai haipitishi kitu chenye miguu. Ndege hai wana fomu yao, na lazima daktari wa mifugo asaini.

MFUGAJI: Si huwa anaondoka saa kumi? Hii saa tisa na nusu! Asiposaini je?

KARANI: Mzigo wote unarudi ulikotoka.

MFUGAJI: Siku mbili kwenye lori? Watakufa wote, kaka! Nimewajengea banda, nime—

KARANI: Usilie, dada. Daktari yuko hapa mbele yangu. Ufunguo wa pikipiki yake nimeuficha.

MFUGAJI: Weee!

KARANI: Shida ni idadi. Akiandika kumi na wawili, anatoka wa kumi na tatu. Hii fomu ya tatu anachana.

MFUGAJI: Haloo? Laini inakwaruza… Mwambie aandike "mayai na vifaranga, jumla mia na ishirini." Watoke wasitoke, jumla haibadiliki!

KARANI: [kwa mbali, kicheko] Anasema kazi yangu upewe wewe. Anasaini… kasaini! Mhuri huo!

MFUGAJI: Ahsante Mungu! Naja na maboksi yenye matundu. Zamu yako inaisha saa ngapi, nisikukose?

KARANI: Iliisha saa sita mchana.

MFUGAJI: Na bado uko hapo?

KARANI: Mmoja kalala kwenye kofia yangu. Sitaki kumwamsha.

MFUGAJI: Ni huyo tu anayekuzuia?

KARANI: Haloo? Mtandao, dada… unakata—

MFUGAJI: Unakata wapi, nakusikia kama uko jikoni kwangu! Haya, salio lako litaisha. Naja na chupa ya chai. Vikombe vitatu, eti? Na daktari je—

KARANI: Viwili vinatosha! Daktari nampa ufunguo wake sasa hivi.