Hadithi Tano za Mwisho

Ubao wa kukalia ulio mbele ya kibanda cha Kufuli, mchonga funguo, hujaa watu kabla jua halijapata nguvu. Asubuhi hiyo Brashi, mwandika vibao vya maduka, alikishika kikombe chake hadi kahawa ikapoa. Hadithi yake fupi imo katika tano za mwisho za tuzo ya mwaka. Jioni mshindi atatajwa na hadithi yake kusomwa redioni. Furaha ingekuwa tele, lau asingeandika siri ya Kufuli: jinsi alivyomnunia kaka yake kwa ajili ya ukuta wa uani, hadi kaka akafa, naye mazikoni asiende. Kufuli alimsimulia mwenyewe, hapo hapo ubaoni, huku machozi yakimtoka. Brashi alibadilisha jina tu. Mguu wa kuchechemea, ufundi wa funguo, hata kikohozi, vyote aliviacha. Tangu alfajiri ameomba ashinde, kisha akaomba asishinde, mwishowe akaona haya kumsumbua Mungu.

— Majaji wale hawasomi, alianza Profesa, fundi baiskeli aliyepewa jina hilo kwa ubishi tu. — Hadithi lukuki zile, nani ana macho hayo? Mstari wa kwanza ukipooza, unatupwa.

— Acha uongo, alisema Kufuli, tupa mkononi, akisugua ufunguo. — Majina yanafutwa kwanza, jaji asijue kaandika nani. Halafu anasoma mpaka mwisho.

— Wakishafuta, zawadi watampa nani?

— Wewe baiskeli za watu unazijuaje?

— Kwa matairi.

— Basi na wao wana matairi yao.

Mama wa kahawa akacheka, akamwongezea Profesa kikombe.

— Mimi nasikia majaji ni watatu na hawapatani, alisema. — Kila mmoja ana yake anayoipenda. Wakichoka kugombana, wanaipa ile ambayo hakuna aliyeipenda. Wapiganapo tembo, nyasi hupewa tuzo.

— Hapana, mama. Kuna mtu anakaa nyuma ya pazia, alisema Profesa, sauti chini. — Kazi yake kulia. Wanamsomea zote. Inayomliza ndiyo hiyo.

— Na akiamka na mafua?

— Ndiyo ile miaka inashinda hadithi mbovu.

Brashi hakucheka nao; alikizungusha kikombe chake.

— Mbona umenywea hivyo, ndugu yangu? Kufuli alimuuliza. — Yako inashinda. Jana nimepiga simu kwa mjane wa marehemu kaka, nikamwambia afungue redio, rafiki yangu atasomwa. Miaka yote nilikosa pa kuanzia. Kumbe mlango ni wewe.

— Umemwambia yeye?

— Na watoto wake. Wote watakaa kusikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana. Rafiki wa kweli ndiye huyo.

Mama wa kahawa akaitikia amina. Brashi alitazama chini.

Akaja dada mmoja kuchukua ufunguo wake. Hakuna aliyemjua. Alisimama akisikiliza, mkoba kwapani.

— Samahani, kaka zangu. Hiyo hadithi inahusu nini?

Profesa alimtazama mama wa kahawa. Mama akamtazama Profesa. Wiki nzima walikuwa wakiipima, wakiishindisha na kuiangusha, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

— Kweli jamani, alisema Kufuli. — Inahusu nini, Brashi?

Brashi alifungua kinywa. Kufuli akaweka tupa chini, akasogea karibu naye ubaoni, apate kusikia vizuri.