Msinizike Shambani Kwangu

Sikilizeni wanangu, na anayetaka kulia atoke nje akalie huko, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea, si ya kubembeleza mtu. Gabrieli, zima hiyo simu. Duka lako la mjini Kashaulili halitaungua kwa wewe kumsikiliza mama yako. Damiano, wewe sogea hapa karibu na miguu yangu nikuone uso, maana leo nitasema na wewe kuliko wote. Shemeji Simon, ndugu ya marehemu mume wangu, wewe ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, kaa kwenye kiti, nakuheshimu. Libérate jirani yangu, usiondoke. Nimekuita uwe shahidi, na diwani wetu Nathanael nimemwita awe shahidi pia, na mtu asiniulize watu baki wanatafuta nini kwenye wosia wa familia, kwa sababu ninalotaka kulisema limeshatoka mikononi mwa familia siku nyingi.

Jana alasiri mlidhani nimelala. Nyie mmesahau kwamba nyumba hii haina silingibodi, ukuta unaishia pale juu, na maneno ya sebuleni yanaupanda yanakuja kuniangukia kitandani. Nimesikia yote. Damiano ulisema mama akishafumba macho azikwe shambani kwake, pale kona ya juu, upesi, kabla wageni wa wizara hawajafika. Shemeji Simon ukaitikia kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Gabrieli ukaahidi marumaru ya kujengea. Mkakubaliana vizuri kabisa, kama watoto wema wanaompa mama yao heshima, na mimi nikabaki nimetoa macho, nikaogopa kusinzia nisije nikafa kabla sijawakatalia.

Maana nawauliza, kama ni mila ndiyo iliyowatuma, mke anazikwa wapi? Si kwa mumewe? Baba yenu amelala kwao, ng'ambo ya mto Kavuu, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema mama apelekwe akalale karibu na baba. Mnakumbuka mila nusu. Mnataka kaburi langu liwe kigingi cha mpaka, hilo ndilo neno, na bora nilitamke mimi kuliko litamkwe na majirani nikiwa sipo.

Shamba lile alinipa baba yangu mzazi, na hilo shemeji unalijua, ulikuwepo. Si la ukoo wenu na wala sikulipata kwa kuolewa. Nikalima mahindi pale tangu nikiwa na nguvu za kubeba jembe na mtoto pamoja. Halafu nikiwa diwani wa viti maalumu, nikachoka kukaa kwenye baraza la madiwani nikisema "Mheshimiwa Mwenyekiti, akina mama wa kata yetu wanajifungulia njiani," na wenzangu wanapiga meza, na muhtasari unaandikwa, na ombi linapelekwa mkoani, na mkoani wanasema litafika Dodoma, na masika yanakuja mto unajaa na watu wangu wanabaki upande huu kama kuku kwenye tenga. Siku moja bwana mmoja mtaalamu akaniambia, mama, serikali haiwezi kuwajengea hewani, onyesheni eneo na nguvu za wananchi. Mkono mtupu haulambwi. Nikarudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nikasimama, nikasema shamba langu la juu ndilo eneo la zahanati. Makofi yale nayasikia mpaka leo, na nilijivuna, mbona nifiche.

Mliona kazi iliyofanyika. Wanawake walichota maji, vijana wakafyatua tofali na kuzichoma, Mwandu, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi, akatoa mkokoteni wake usombe mchanga mtoni na hakuomba hata soda. Damiano, wewe ulipasua mawe ya msingi mpaka mikono ikakutoka malengelenge. Boma la zahanati likapanda, kuta zikafika lenta juu ya milango. Hapo ndipo tulipoambiwa tusubiri serikali ipaue, tukasubiri. Popo wameingia, mbuzi wameingia, nyasi zimeota chumba cha kujifungulia. Kila baraza tuliomba. Nilipostaafu udiwani Nathanael aliendelea kuomba, na nampongeza mbele yenu, kwa sababu kuomba kitu kilekile kwa watu walewale bila kutukana kunataka moyo mgumu. Sasa ombi limesikika. Wanakuja kesho kutwa kutazama boma, na wanakuja kiangazi, kwa sababu masika gari lao lisingefika, kama sisi tusivyotoka.

Niinulie huu mto wa kichwa, Libérate. Hapo. Asante.

Sasa nieleweni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Kule kwenye vikao kuna neno moja ambalo nimeliogopa kuliko nyoka, nalo ni mgogoro. Unaweza kuwa na wagonjwa, na boma, na barua ya mkuu wa wilaya, lakini mtu mmoja akisema eneo lina mgogoro, mtaalamu anafunika kalamu yake, anaingia kwenye gari, na fedha inahamia kwa wengine ambao nao wana shida. Kata ya jirani waliponzwa na mzee aliyepanda mihogo kwenye kona, akasema hapa pa mjomba wangu. Mihogo tu, wanangu. Mpaka leo hawana hata choo cha zahanati. Na mihogo unang'oa ukala, kaburi huling'oi. Kaburi linataka kibali, linataka fidia, linataka kikao cha ukoo, na ukoo wetu shemeji unaujua, hatujawahi kukubaliana hata juu ya mbuzi wa kuchinja. Mkinilaza pale leo, kesho kutwa wageni wakute udongo mbichi na msalaba na watu wanalia, nani atathubutu kutia saini? Mtakuwa mmenitumia mimi, mwili wangu, kukataa kitu nilichokiomba kwa mdomo wangu.

Damiano, usiinamishe kichwa. Wapo wanaosema unalitaka shamba kwa sababu ya yule tajiri wa Majimoto anayetafuta pa kuweka mashine ya kukobolea mpunga. Mimi nimekuzaa, najua si mashine. Nitalisema mbele ya watu hawa, na unisamehe likikuchoma. Wewe unalichukia lile boma. Mkeo Pelagia alishikwa na uchungu mto umejaa, ukamkalisha kwenye pikipiki katikati yako na Libérate, mkafika kwenye kivuko, maji hayapitiki, mkarudi, na njia ya kurudi inapita ubavuni mwa boma. Ulisimama pale. Ulikuwa umepasua mawe ya chumba kile kwa mikono yako, na ndani hapakuwa na bati, wala kitanda, wala nesi, wala taa. Pelagia akakata roho kabla hujafika uani kwangu, na mtoto naye. Mwanangu, ningekuwa wewe ningelibomoa kwa meno.

Na bado nikakuongezea. Uliniomba azikwe shambani kwa bibi ya watoto, pale juu, apate kuwa karibu, nikakataa. Nilikuambia apelekwe makaburi ya kijiji, nyuma ya kanisa letu la kigango, kwa sababu pale juu si petu tena. Uliniangalia siku ile kwa jicho ambalo mtoto hamwangalii mama yake. Ukazika, ukanyamaza, na tangu siku hiyo hujala chakula nilichopika mimi. Huwa unasema umeshiba. Nilijua, nikakaa kimya, nikasema hasira zitapoa, nazo hazikupoa.

Nisikilize. Sikukosea. Ningeulizwa leo ningekataa tena, na ningeumia tena vilevile, kwa sababu Pelagia alikuwa binti kwangu, ndiye aliyenisuka nywele nilipokuwa naenda kula kiapo cha udiwani. Lakini fikiri, baba. Kama nilimkatalia yeye, mtoto wa watu aliyekufa akidai haki yake ya kuzaa, leo nijikubalie mimi kizee niliyeshiba miaka? Watu watasema nini? Watasema Agatha alitoa shamba kwa mdomo, akalirudisha kwa sanda. Na watakuwa wamesema kweli.

Unataka kuilipiza serikali kisasi. Nakuelewa. Lakini hasira hasara. Wale wageni ukiwanyima shamba watarudi Dodoma, watakula chakula chao cha jioni, watalala. Atakayepanda pikipiki masika ijayo ni mke wa Gabrieli akija kututembelea. Ni wajukuu wa Libérate. Na ni binti yako, Damiano, yule aliyebeba jina langu, ambaye hivi karibuni atakuwa mwanamke, na hapo utakuwa umesimama tena kwenye kile kivuko, na safari hii utakuwa umekijaza maji wewe mwenyewe.

Maji. Kidogo tu.

Mali nazisema haraka, si nyingi. Nyumba hii ni ya Damiano na watoto wake. Majaruba ya mpunga mgawane, Damiano na Gabrieli, na mwanamke yeyote wa nyumba hii akiachika au akifiwa asifukuzwe kwenye jaruba lake la kula. Shemeji Simon, ule ugomvi wetu wa mti wa mninga, mimi nimeumaliza, na wewe ukienda nyumbani uumalize. Nina deni moja tu, na si la fedha. Siku ile Libérate ndiye aliyemwogesha Pelagia. Sisi wenye marehemu tulikuwa tumechanganyikiwa, tunapiga kelele, na huyu ambaye baadhi yenu mlikuwa mnamwita Mrundi, mkimkumbusha kwamba wazazi wake walikuja huku wakimbizi, ndiye aliyefunga kitenge akafanya kazi ya dada. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu apewe yeye. Akikataa, mfungeni mlangoni kwake mkimbie.

Sasa naagiza. Wala msinijibu kwa haraka.

Msinizike shambani kwangu. Nizikeni makaburi ya kijiji, nyuma ya kigango, hapa hatua chache kutoka uani kwetu, ubavuni kwa Pelagia. Hapo hapo, mkono wake wa kulia, pana nafasi, nimeshapatazama. Na kaburi hilo lichimbwe leo. Leo, nikiwa ninasema.

Najua, shemeji. Najua ni mwiko, najua ni kujichuria, mtu hachimbiwi akiwa hai. Usinitolee macho. Nikifa kaburi likiwa halijachimbwa nyie mtakaa kikao, na kwenye kikao mimi sitakuwa na sauti, na ukoo mzima utakuja na methali zake za ng'ombe na zizi. Nimekaa kwenye vikao maisha yangu, naijua njia ambayo jambo hufa likiwa mikononi mwa watu wengi wenye nia njema. Kaburi likiwa wazi tayari, hamwezi kuliacha tupu, maana hilo nalo ni mwiko, tena mkubwa zaidi. Mwiko na umfunge mwiko. Laana ikiwepo ije kwangu, sina pa kuipeleka.

Na achimbe Damiano. Si vijana wa kijiji. Yeye.

Unasemaje? Sema kwa sauti, masikio yangu yanaondoka. "Nikuchimbie kaburi unanitazama, mama?" Ndiyo, baba. Nilikutazama ukichimba msingi wa lile boma nikacheka kwa furaha. Acha nilitazame na hili.

Sikulazimishi. Nimekwisha kusema. Ukikataa, wenzako hawatakuzuia, nitakuwa maiti na maiti haina kura. Nathanael umesikia, Libérate umesikia. Kesho kutwa wageni wakiuliza kama pale pana mgogoro, wamuulize mwanangu mkubwa. Jibu liko kwake.

Nani amesimama? Sioni vizuri, mlango umekuwa mweupe. Gabrieli, ni nani huyo anayetoka? Ah.

Damiano, chukua na sururu. Kule udongo wa kiangazi ni mgumu, jembe peke yake litakuumiza mgongo. Shemeji, muache apite, usimshike mkono. Muache.

Haya. Sogeeni, nimechoka. Wekeni mikono yenu hapa, nyie mliobaki. Mungu awape watoto wa kuwazika, msiwazike nyie. Mito yenu ivukike. Mkiomba msichoke kuomba, na mkipewa mkumbuke mliomba kwa ajili ya nani. Gabrieli, mpende kaka yako, hana mtu. Bati zikifika, mtu asiseme ni za Agatha, semeni ni za kijiji. Bariki... bariki mikono yake, Bwana, ile ile ya mawe.

Nyamazeni kidogo. Mnasikia? Hiyo si sururu?

Ndiyo yeye. Anapiga kwa nguvu sana, kama mtu mwenye hasira. Basi. Ipige hapo, baba, iishie hapo.

Libérate. Jua ni kali huko nje, na hajala tangu asubuhi. Kwenye sufuria... nilimbakishia ugali na dagaa. Mpelekee. Mwambie nimepika... nimekupa unga mimi, ukasonga wewe, ni mimi. Mwambie ni wa mama yake. Umtazame kama atakula.